Goti la Bibi Tembo

Zamani, mito ilipokuwa bado inajichagulia njia, Bibi Tembo aliishi na goti lililomlilia kutwa. Lilinyamaza pale tu alipolilaza kwenye mchanga wenye ubaridi, naye akasinzia, akaota. Wajukuu walichoka kumngojea.

Mwaka mmoja mto ukakauka. Mjukuu wake Majisifu, bingwa wa kunusa, akachimba mashimo tisa, yote vumbi tupu. Akageuka, akamwona bibi kajilaza.

“Bibi, tunakufa kwa kiu, nawe unalala?”

“Chimbeni hapa ubavuni pangu.”

“Umenusa maji?”

“Pua yangu ilishachoka. Goti limenyamaza.”

Wakachimba. Mchanga ukalowa, maji yakabubujika, wakapiga kelele za furaha.

“Taratibu,” akanong’ona Bibi, macho kayafumba. “Kunyweni, lakini msije mkaliamsha.”