Namba ya Mwisho ya Mzee Shebwana

Mizigo ilikwisha pakiwa, dereva anapiga honi, lakini Bi Zuwena alikuwa bado barazani, paka mapajani. Yeye anahamia kwa mwanawe; Kaniki, paka mwenye kisukari, anabaki kwa jirani yake Somoe.

"Nakuachia kipimo hiki cha sukari, cha wanyama," alisema. "Daktari wa mifugo kasema kile cha watu humpunja paka, humsomea sukari pungufu."

"Daktari ndiye aliyeona, mimi sijaona," Somoe akajibu. "Pima kwa vyote viwili, shoga, nisije nikamuua kwa sindano ya insulini."

Bi Zuwena akasita. Kile cha watu kilikuwa cha marehemu mumewe, Mzee Shebwana. Kilitunza namba za sukari ya damu yake, na kila paka alipopimwa, moja ya zamani ilifutika. Ilisalia moja tu, ya asubuhi moja mzee alipokunywa uji wake akausifu. Akipima sasa, nayo itakwenda.

Kaniki akalia kidogo. Bi Zuwena akamchoma sikio, tone akaligawa. Cha mzee kikasema sita, na namba yake ya mwisho ikafutika; cha wanyama kikasema tisa.

"Loo! Hata mashine zabishana!" Somoe akacheka.

"Basi fuata tisa, Kaniki wangu asidhurike."

Akakitia cha mzee kifuani, ndani ya kanga, akapanda gari.

Kaniki aliishi miaka kadhaa, akafa usingizini. Somoe akafuga mwingine, mzima. Bi Zuwena alizeekea kwa mwanawe, na kila betri ya kile kipimo ilipoisha, alitia mpya.