Chumba cha Sponji

Maftah, fundi magodoro, hakuliziba tundu la hewa. Alilifunika kwa kitambaa tu, bila sponji, likafanana na sehemu nyingine za ukuta.

Afande aliyempa kazi alimwambia nyumba hii ya mtaa wa Kisugu, iliyoachwa na Wahindi waliofukuzwa nchini, ina baridi, ndiyo maana chumba kivikwe sponji. Baridi gani, na jasho linamdondoka kwenye gundi? Tena chini ukutani alikuta mikwaruzo ya kucha, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni. Atakayelia humu, angalau majirani wamsikie.

"Umemaliza?" afande aliuliza. "Basi jifungie, piga kelele. Mimi nasikiliza nje."

Maftah alisimama gizani, mdomo wazi, sauti ameimeza. Kupitia tundu alimsikia afande akikohoa, waziwazi, kama yuko ubavuni pake.

Mlango ukafunguliwa. "Umepiga?"

"Wallahi, afande, mpaka koo limekauka."

"Mimi sikusikia kitu. Wewe fundi kweli." Akamshika bega, akampeleka nje, akamsimamisha pale pale aliposimama yeye. "Sasa sikiliza na wewe."

Kisha akaenda kufungua buti ya gari.