Kijiko cha Dafu

Bi Tunu aliziba mlango kwa mwili wake. Ndani, mjukuu wake Riziki alikuwa anawaka homa, vipele vya surua vimemjaa mpaka kwenye kope.

"Mama, nipishe nimwone mwanangu," alisema mkwewe, Shomari, ameshika dafu lililokwisha kutobolewa.

"Umewahi kuugua surua?"

"Sijawahi."

"Kuchanjwa?"

Shomari alitikisa kichwa.

"Basi huingii. Mimi niliiugua utotoni, na mwili wangu haujaisahau. Ikija tena unaitambua, unaipiga kabla haijakaa. Huyu mwili wake ndiyo kwanza unaiona, unajifunza kupigana huku unaungua! Chanjo ingemfundisha mapema. Nilimfunga mgongoni kumpeleka kuchanjwa, ukamfungua kitambaa kwa mikono yako!"

"Niliogopa, mama. Nilisikia watu wanasema chanjo inadhuru..."

"Watu hao wako wapi leo?"

Alimpokonya dafu, akafunga mlango kwa kishindo. Alipomwinua Riziki kichwa, mkono wake ulikuwa mpole. Kijiko cha kwanza mtoto alimeza. Cha pili maji yalimkaa mdomoni, na nje Shomari alikuwa amebandika sikio mlangoni, akisikiliza kama yatapita kooni.