Maoni Kuhusu Filamu ya Gharika

Miaka hiyo, aliyetoa maoni kuhusu filamu alilazimika kwenda kuyasoma kwa mdomo wake nyumbani kwa mmoja wa walioicheza. Ndiyo maana Jumamosi ile Mwajabu alikuwa sebuleni kwa Bi Nyangeta, chai ikipoa mkononi, hana pa kuficha uso.

Filamu yenyewe ilihusu wezi waliovunja benki huku bwawa la mji likibomoka, na ilitengenezwa kwa vijisenti. Mwajabu alisoma kwamba gharika ilifanana na maji ya beseni na bunduki zilikuwa za mbao. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, alianza kuikunja karatasi.

"Soma tu, mwanangu," Bi Nyangeta alimhimiza. "Sheria ni sheria."

"'Yule mzee mlinzi anazama kama jiwe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.'"

Bi Nyangeta aliitikia kwa kichwa. "Yule alikuwa mume wangu. Alifariki kabla filamu haijatoka, nami sijathubutu kuitazama. Wote waliokutangulia hapa walisema waliizima katikati. Ni wewe peke yako uliyemwona mpaka mwisho."

"Nisamehe sana, mama."

"Sikulaumu." Alisogeza kiti karibu. "Niambie tu, uso wake ulikuwaje maji yalipomfunika?"

Mwajabu hakuuona uso huo. Wakati ule alikuwa ameinama, anacheka.

"Ulikuwa umetulia, mama," alisema, na mama wa watu akamshika mikono yote miwili, akaanza kumshukuru.