Waya wa Juu Kabisa

"Mama, hapo nimefika chini. Nikishuka tena itakuwa mimi ndiye nakulipa wewe," muuzaji alisema, akacheka peke yake.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka, na wala haangalii bei. Anaangalia chumba cha kioo nyuma ya duka, ambako mume wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, macho kayafumba, mbele ya spika mbili zilizomzidi kimo.

Kilichokuwa kinabishaniwa ni waya. Waya wa spika basi, si kingine: mnene kama kidole gumba, umevikwa hariri nyeusi, umelazwa kwenye sanduku la mahameli utadhani mkufu wa bibi harusi. Urefu wenyewe huwezi kuanikia hata nguo za mtoto mmoja. Bei yake ni bei ya gari, na si gari bovu. Aliyeipanga hakuona haya, na muuzaji, ambaye ndiye mwenye duka, hakuona haya kuibandika.

Hawa walikuwa wateja wake wa siku nyingi. Mume alifundisha kwaya, na mji mzima unamwita Mwalimu, inatosha. Zamani waimbaji walikuwa wakimwogopa, maana mmoja wao akiteleza kidogo tu katikati ya wenzake, Mwalimu anamnyooshea kidole yeye huyohuyo. Lakini miaka ya karibuni amekuwa akija dukani na lalamiko lilelile: sauti ya kwanza imemezwa, matoazi hayapo, kuna kitu kimefunika muziki. Muuzaji akampa waya mzuri. Akarudi. Akampa mzuri zaidi. Akarudi tena. Safari moja mkewe aliuza cherehani yake, safari nyingine akauza kiwanja, na mkobani pesa alizitoa yeye mwenyewe, tena bila kinyongo. Jambo hilo muuzaji hakuwahi kulielewa, kwa sababu wake wa wateja wengine walizoea kumtazama kama mwizi.

Leo ndipo alipomwona mama ametaharuki. Ilianza alipouliza, "Na juu ya huu, kuna upi?"

"Juu ya huu hakuna, mama," muuzaji alijibu kwa fahari. "Hapa ndipo nyaya zinapoishia."

Uso wa mama ukapauka.

Muuzaji alizijua dalili hizo. Mteja akisikia bei ya mwisho lazima apigwe na bumbuazi kwanza. Baadaye anaanza kusukuma, na wewe unaanza kusogea. Ndiyo biashara. Akapunguza robo. Mama akatikisa kichwa. Akapunguza nusu, na moyo ukamuuma kweli.

"Usifanye hivyo, mwanangu," mama alisema.

"Basi chukueni tu, mtanilipa kidogokidogo."

"Hapana. Usimpe. Nakuomba, usimpe."

"Sasa unataka nini, mama? Nikugawie bure?"

Hapo mama alilia, na si kilio cha mteja anayetaka kuhurumiwa bei. Alilia kama watu wanavyolia kwenye korido za hospitali, mkono mdomoni. Muuzaji hakujua pa kuweka macho. Kule ndani Mwalimu alikuwa ameongeza sauti mpaka vioo vya chumba vikatetemeka.

"Taratibu, mama," muuzaji alinong'ona. "Mlango uko wazi. Mwalimu akitusikia tunabishana hivi ataona aibu."

"Hasikii," mama alisema, wala hakushusha sauti.

Muziki ukakatika. Mwalimu akafumbua macho, akampungia muuzaji mkono aende. Muuzaji alipopiga hatua, mama akamkamata shati.

"Hakuna waya wenye kosa," alisema harakaharaka. "Majibu ya daktari nilipewa mimi, nikayaficha. Masikio yake yanakufa, mwanangu, na dawa hakuna. Yeye anajua ni waya. Siku zote anajua ni waya, na ndicho kinachomwamsha asubuhi. Akienda nao nyumbani huu wa mwisho..."

"Muuzaji," Mwalimu aliita. "Mbona unanichelewesha?"

Muuzaji akaingia. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, viganja magotini, na kwa karibu alionekana amezeeka kuliko umri wake.

"Sogea, sema kwa nguvu, muziki umeniziba," alisema. "Huu ni mzuri, sikatai. Lakini bado kitu kimefunika. Niambie ukweli, nimechoka. Huu ndio wa mwisho?"

Muuzaji alimtazama. Kisha akasema kwa sauti ya kujaza chumba, "Hapana, Mwalimu. Uko mmoja juu yake. Sikuutaja kwa sababu ni wa kuagiza."

Mwalimu akanyanyua kichwa. "Bei gani?"

Muuzaji akageuza shingo, akatazama nyuma. Nje ya kioo, mama alikuwa amekauka machozi. Alinyoosha kiganja mbele ya kifua, akakipandisha. Akakipandisha tena, mpaka usoni, mpaka juu ya kichwa, mpaka mkono mzima ukanyooka na yeye mwenyewe akawa amesimama kwa ncha za vidole.

Muuzaji akataja bei ambayo mtu hawezi kuifikia hata akiuza nyumba na kila kilichomo ndani yake.

Mwalimu akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu, akatabasamu.

"Nilijua tu," alisema. "Nilijua ni waya."