Gari la Barnaby

Siku ile mjinga alikuwa Garth Pickersgill, na siku hizi hata yeye mwenyewe hakatai. Ila saa ile, akiwa amepiga goti kwenye tope la uwanja wa tatu wa kuuzia magari tangu asubuhi, futi ya kupimia ikining'inia mdomoni, alijiona ndiye mwanamume pekee mwenye akili katika Yorkshire nzima.

Kulikuwa na mvua ile isiyonyesha ikaeleweka wala isiyoacha. Pembeni alisimama Barnaby, farasi mweusi mwenye kwato kama sinia na mabega yaliyompita kichwa Janine, mke wa Garth, aliyeshika kamba. Walikuwa wamemleta kwa lori la kuazima la mlango wa ubavuni, la kurudishwa jioni ile, maana gari la kubebea farasi halinunuliwi kwa kutazama picha. Unampeleka farasi mwenyewe, alikubali au alikatae.

Walitaka lenye mlango wa ubavuni. Mwaka uliopita Garth alimsukuma Barnaby kwenye tela la kupandia nyuma, Janine akipiga kelele kwamba halimfai. Farasi alirusha mateke njia nzima, akashushwa miguu ikivuja damu. Tangu hapo, akiona mlango wa nyuma anatetemeka kama mgonjwa wa homa. Na sasa alitakiwa afike Northumberland, kwenye malisho ya dada yake Janine. Asipopata gari la kuingia kwa hiari, safari hakuna.

"Asipokwenda yeye, na mimi siendi," Janine alikuwa amesema.

Uwanja wa kwanza, dari fupi. Wa pili, sakafu imeoza, mwenye gari anaapa ni unyevu tu. Huu wa tatu ulikuwa wa Bi. Threlfall, mama mfupi wa viatu vya mpira, naye alikuwa na magari mawili ya mlango wa ubavuni. Moja kubwa, moja dogo.

"Kubwa," Garth alisema kabla hajaulizwa.

"Dogo," alisema Janine.

"We Janine! Tumeleta farasi hapa au paka?"

"Kubwa siruhusiwi kuliendesha. Leseni yangu inaishia kwenye dogo."

"Na lini umewahi kuendesha? Dereva si nipo?"

Janine alikuwa na uso wa mtu aliyekwishachoka kabla siku haijaanza, na Garth alikuwa ameuzoea uso huo hata akadhani ndivyo ulivyoumbwa.

Bi. Threlfall akaushusha mlango wa lile dogo, ukawa daraja pana lenye mteremko mdogo, limetandikwa mpira. Akakiondoa kizuizi cha kati. "Dari niliiinua mwenyewe," alisema. "Na mimi nilikuwa na lijitu kama hilo lenu."

Barnaby akanusa. Akapiga kwato mara moja, akawaza, kisha akapanda taratibu. Akageuka akasimama, akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuna nyasi kama yuko kwao.

Janine akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa gari. Garth akadhani anasinzia.

"Daraja hili," Janine aliuliza baadaye, "mtu mmoja analimudu?"

"Analimudu, mama. Tena mwenye bega bovu kama mimi."

Janine akalifunga. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Mazoezi hayo!" Garth akamtania. "Acha bwana, usije ukaumia mgongo. Hiyo kazi yangu."

"Nimelichukua," Janine akamwambia Bi. Threlfall, akaenda kwenye lori la kuazima, akaanza kuhamisha vitu. Tandiko kwanza. Kisha ndoo.

"Subiri kwanza!" Garth akamfuata nyuma. "Kuingia ameingia. Uzito je? Bi. Threlfall, gari linaruhusiwa kubeba kilo ngapi?"

"Elfu moja na hamsini. Zikizidi, polisi wakikuweka kwenye mizani wanakushushia farasi barabarani."

Garth akasugua viganja. Hapo ndipo alipokuwa anapavizia.

"Basi sikiliza, mke wangu, maana hesabu haina upendeleo. Barnaby, mia nane na hamsini, tumempima juzi. Tandiko, maji, majani na vikorokoro vyako vyote, weka mia. Wewe, sitini na tano. Hapo bado tuko salama." Akajipiga tumbo kwa fahari. "Sasa njoo kwangu. Mia kasoro tano! Tumepita kilo sitini, Janine. Farasi hakatwi vipande. Bila maji hasafiri. Haya niambie, hapo tunapunguza nini?"

Bi. Threlfall alikuwa ameanza kukagua viatu vyake.

Janine alitoka kwenye lori na masanduku mawili ya nguo, yale makubwa waliyoyanunua kwa ajili ya fungate na hawakuyatumia tena. Akayapakia nyuma ya kiti cha dereva cha lile gari dogo. Akapanda, akakivuta kiti mbele mpaka miguu ikafika, akashusha kioo.

"Ulipofika kwangu tulikuwa bado salama, Garth," alisema. "Aliyezidi ni wewe."