Ulimi wa Fundi Saa

Hivi wewe, umewahi kutoa ulimi mbele ya kioo ukaukuta mweusi tititi kama soli ya kiatu?

Fundi saa alipouona wake, alijikokota hadi kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akaita kwa sauti ya mtu anayeaga.

"Mama watoto, ninakufa!"

Mkewe alitoka jikoni mbio, mtandio kaubana mdomoni. Koo ziliwawasha wote wawili tangu Jumatatu, na binti yao muuguzi aliwaletea chupa moja ya iodini wasukutulie. Alipouona ule ulimi, mama wa watu aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Usilie," fundi akamwambia, mwenyewe machozi yakimlengalenga. "Ila kabla sijaondoka, kuna jambo..."

"Nyamaza, pumzika," mkewe akajibu ndani ya mtandio, akampigia binti simu.

Binti akaja na sare yake ya kazini, akamulika kinywa kwa tochi, meno hadi kimio. Kisha akacheka mpaka tochi ikamponyoka.

"Baba, umekula mkate!"

"Nani, mimi?"

"Watu wanadhani iodini ni ya kwenye chumvi na tezi ya shingo tu. Hii inaua vijidudu vya koo. Ikikutana na wanga wa mkate, inageuka nyeusi. Na daktari si aliwakataza mkate kwa ajili ya sukari?"

Basi fundi akakiri yote. Kipande kimoja kila siku, ndani ya droo ya vifaa, chini ya boksi la vioo vya saa.

"Na leo nimekuta kimoja tu," akalalamika. "Jana niliacha viwili. Humu ndani kuna panya."

"Mama, mkazie macho huyu," binti akasema, akarudi kazini. Mama akaitikia kwa kichwa, mtandio palepale.

Mlango ulipofungwa, fundi alitazama vidole vyake.

"Nisamehe, mke wangu. Mwaka mzima wewe hujagusa hata chembe, na mimi nakula kwa kujificha kama mtoto."

Mkewe akaketi pembeni mwa kitanda, akashusha mtandio taratibu. Meno yake yalikuwa meusi kama mbegu za papai.

"Baba watoto," akasema, "kesho upake na siagi."